Triathloni fupi ya Bamburi: wiki tatu zimebaki, naogelea kama paka. Nifanyeje?

Karani wa Kilindini

Hamjambo wenzangu. Nina shida ya kujitakia.

Kazini kwetu kuna kijana mmoja, juzi wakati wa chai akatoa simu akatuonyesha tangazo: mita 750 baharini, kilomita 20 kwa baskeli, kilomita 5 kwa miguu, vyote mfululizo. Ufuoni Bamburi, Jumamosi, saa moja asubuhi. Mimi nikasema, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kula mahamri manne, kwamba hiyo ni kazi ya asubuhi moja tu. Wakanicheka. Kufika saa kumi jioni nilikuwa nishalipa ada na risiti nishaitupa kwenye grupu la ofisi. Sasa nikijitoa nitapachikwa jina mpaka nistaafu.

Niwaeleze nilivyo ili mniambie ukweli. Umri 41, kilo 88. Kazi yangu ni makaratasi ya kutoa mizigo bandarini, yaani siku nzima ni kiti, na nikiinuka kwenye kiti naenda kupanga foleni. Kukimbia si kubaya sana. Jumapili moja moja hutoka Tudor nikateremka hadi Mama Ngina, nikanywa dafu, nikarudi nusu natembea. Baskeli sina. Shemeji yangu wa Kongowea ana Black Mamba anayosambazia mikate madukani, ameahidi kuniazima mradi nimrudishie siku ile ile kabla ya mikate ya jioni.

Linaloninyima usingizi ni bahari. Mimi mzaliwa wa hapa hapa kisiwani, na watu wa bara huamini mtoto wa pwani hafunzwi kuogelea, anazaliwa anajua. Uongo mtupu. Sisi utotoni tulikuwa tukiruka kutoka kwenye mawe, mikono kumi na tano umerudi mwambani, unapanda, unaruka tena. Tulijua kuruka. Kuogelea ni jambo jingine, na nimeligundua jana.

Jana nilikwenda ufuo wa umma, pale Pirates, nijipime. Nikaingia mpaka maji ya kifua, nikaanza. Kichwa juu, shingo imekakamaa, miguu inapiga maji kama naua nyoka. Mkono wa arobaini nikaona giza. Wa sitini nikashika kamba ya mashua ya kioo iliyotia nanga. Mwenye mashua akachungulia, akanitajia bei ya kwenda kuona samaki. Nilishindwa hata kumjibu, pumzi hamna. Nilipogeuka kutazama nilikotoka, wallahi haikufika mita hamsini.

Sasa naomba kujua: wiki tatu zinatosha kumfikisha mtu mwisho, hata akiwa wa mwisho? Black Mamba inakubaliwa? Na mtu akichoka katikati ya maji anafanyaje? Tafadhali msiniambie nijitoe.

Kisauni Moja

Jitoe.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, hayo ya baskeli siyajui, waachie wenyewe. Nakuuliza moja: Jumamosi hiyo mwezi utakuwa na siku ngapi tangu kuandama?

Nauliza kwa sababu nyinyi mnasema "mita 750" kana kwamba bahari ni barabara ya lami. Hapa kwetu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji makuu. Maji hujaa alfajiri, saa kumi, saa kumi na moja, halafu saa nne au saa tano yamekupwa, unaona mwani na mchanga mpaka karibu na mwamba. Kwa hiyo saa moja asubuhi siku ya bamvua maji yamo mbioni kutoka, nayo hutokea milangoni, pale mwamba ulipokatika. Mtu anaogelea, anadhani anakwenda mbele, kumbe anapelekwa kando. Ikiwa ni maji mafu, mwezi wa saba au wa nane au wa ishirini na mbili, mambo ni tofauti kabisa. Hayaendi mbali wala hayaendi kwa nguvu, na saa moja asubuhi huwa yanajaa taratibu, yanakusukuma kuja pwani.

Upepo usikutie hofu. Huu ni msimu wa kaskazi, asubuhi bahari imelala. Ingekuwa Julai, kusi limeshika, ningekuambia maneno mengine.

Maji yakikuchukua usishindane nayo. Geuka chali, tia pumzi kifuani, inua mkono mmoja juu, utaonwa. Nimewatoa watu majini miaka mingi, na wengi wao walikuwa wanajua kuogelea. Walichoka kwa sababu walitaka kurudi kwa njia ile ile waliyoendea.

Na usivue viatu hovyo maji yakiwa machache. Wale weusi wa miiba mirefu wamejaa kwenye mawe. Mwiba mmoja wa kisigino, hizo mbio zako zimeishia hapo.

Karani wa Kilindini

Shikamoo mzee wangu. Nimetazama kalenda ya msikitini, itakuwa mwezi 8. Nimepumua kidogo.

Dada wa Majengo

Kakangu, usimsikilize huyo wa Kisauni. Mimi nimeshiriki mara mbili masafa hayo hayo. Mara ya kwanza nilikuwa na wiki tano za mazoezi, na kati ya hizo wiki mbili nilikuwa na mafua. Nilimaliza. Nitakueleza nilivyofanya mimi, wala mimi si mwalimu.

Kwanza ujue umechukua ndogo. Ile ya Olimpiki, iliyoanza Sydney mwaka 2000, ni mita 1500, kilomita 40 na kilomita 10. Yako ni nusu kamili. Na kuogelea kuwekwa mwanzo ni kwa faida yako. Ile ya kwanza ya kisasa kule San Diego, 1974, walianza na kukimbia, kuogelea kukawa mwisho. Hebu jiwazie unaingia majini na miguu ya kilomita tano.

Wiki zako tatu zitumie majini. Kukimbia unakujua, baskeli itakubeba hata ukiwa mzembe. Nenda baharini mara nne kwa wiki, asubuhi kabla ya kazi, usiende peke yako. Shida yako si mikono, ni pumzi. Umeandika mwenyewe: kichwa juu, shingo imekakamaa. Kichwa kikiwa juu miguu inazama, na miguu ikizama unakokota gunia. Siku tatu za mwanzo usiogelee hata kidogo. Simama maji ya kiuno, tia uso ndani, toa pumzi yote kwa pua na mdomo mpaka mapovu yaishe, geuza shavu upande, vuta, rudi. Mia moja. Watoto watakucheka, waache. Watu wengi huzuia pumzi majini halafu wakiinuka wanataka kutoa na kuvuta kwa wakati mmoja, ndiyo hilo giza uliloliona mkono wa arobaini.

Ukishazoea, piga mikono kumi, geuka chali mikono kumi, rudi. Kulala chali ndio uokozi wako. Hakuna sheria ya kukuzuia. Tena kanuni za mchezo zinakuruhusu kushika boya au mashua ya waokoaji upumzike, mradi usijivute nayo kwenda mbele. Mimi mara ya kwanza nilishika boya mbili kati ya tatu na hakuna aliyenitoa. Kwa hiyo hesabu boya kwa boya, mita 750 zisahau.

Jingine ni kutazama njia. Baharini hakuna mstari chini kama kwenye bwawa. Kila mikono minane inua macho peke yake juu ya maji, kama mamba, utafute kitu kirefu: mnazi, paa la hoteli, chochote. Boya lenyewe hutaliona, mawimbi madogo tu yanalificha.

Kipenga kikilia usikimbilie mbele. Hesabu thelathini, waache wanaopigana wapigane, uingie nyuma yao upande wa nje. Utapoteza nusu dakika, lakini hutapigwa teke la miwani.

Mavazi: mimi huvaa la kusitiri mwili mzima, la kitambaa cha kuogelea. Niliwaandikia waandalizi mapema wakanijibu hakuna neno. Wewe ujue tu kifua wazi hakuruhusiwi, wala spika za masikioni.

Sasa pale unapotoka majini kwenda kwa baskeli ndipo nilipoaibika. Nilifika nimelowa, mikono inatetemeka, nikaivuta baskeli nikaanza kukimbia nayo, helmeti iko kichwani ila kamba ya kidevuni inaning'inia. Msimamizi mmoja akanisimamisha, akanirudisha mpaka kwenye chuma cha kuegeshea baskeli, nikafunga, nikaanza upya. Sheria ni hiyo: helmeti ifungwe kabla hujagusa baskeli, na usiifungue mpaka umeirudisha mahali pake. Huruhusiwi kupanda mpaka uvuke mstari wa kupandia, na ukirudi unashuka kabla yake. Jizoeze uani kwako, na majirani wacheke.

Chukua beseni dogo la maji uweke chini ya baskeli. Mchanga ukibaki ndani ya kiatu, kilomita ya pili utatamani kulia. Soksi zipake poda ndani. Mapajani na kwapani paka mafuta ya mgando mengi kuliko unavyodhani yanahitajika.

Na angalau mara tatu kabla ya siku yenyewe, shuka kwenye baskeli ukimbie papo hapo, hata dakika kumi tu. Miguu inakuwa si yako. Ni kama umebebeshwa kabati kwenye ferry ya Likoni, ukatua mzigo, unaambiwa haya, kimbia. Ukiijua hali hiyo mapema haikutishi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Umri 41 na siku nzima kwenye kiti? Pima presha wiki hii, kaka. Sisemi kukutisha. Vifo vingi vinavyotokea katika mchezo huu hutokea kwenye kuogelea, na wengi wao ni wanaume wa makamo. Moyo unakwenda mbio kwa hofu, na maji hayana mahali pa kukaa chini. Kifua kikibana, kizunguzungu, pumzi fupi isiyotulia hata ukilala chali: inua mkono utolewe. Hao wa grupu la ofisi hawatakuja kukulaza wodini.

Na joto la kaskazi si mchezo. Anza kunywa maji Ijumaa, usingoje kiu ya Jumamosi.

Fundi wa Makupa

Black Mamba ni baskeli kama baskeli nyingine. Magurudumu mawili, breki mbili zinazoshika, ncha za usukani zizibwe zisimchome mtu. Za kwako zina vishikio vya mpira? Basi.

Ila iandae. Ile ni chuma cha kilo ishirini na kitu, ina gia moja, na imezoea kubeba mikate, haijazoea kukimbia. Toa keria, toa stendi, toa kengele. Jaza upepo mpaka tairi ikatae kidole. Cheni ioshe kwa mafuta ya taa, ikauke, uitie oili tone tone kila kiungo, halafu ufute iliyobaki. Wengi wanamwaga oili kama achari juu ya mihogo, inashika mchanga wote wa Bamburi.

Kubwa kuliko yote ni kiti. Wauza mikate hukiweka chini ili watue miguu haraka. Wewe kipandishe: kisigino kikiwa kwenye pedeli ya chini, goti linyooke. Magoti yako yatanishukuru.

Na ujue kaskazi inavuma kutoka huko Mtwapa kuja mjini. Ukielekea Mtwapa utaipiga kwa uso, ukirudi itakusukuma. Usijimalize ukienda.

Keria ina nati nne. Zitie kwenye soksi kuukuu uzihifadhi.

Kisauni Moja

Mkishamaliza kumdanganya mtu wa watu mniambie mazishi ni saa ngapi.

Karani wa Kilindini

Nimerudi. Mazishi yameahirishwa.

Nilifanya mliyosema, ila si yote. Majini nilikwenda mara kumi na moja kwa wiki tatu, na mtoto wa dadangu wa miaka 15 akikaa maji ya kifua kama askari, simu ya mamake shingoni ndani ya mfuko wa plastiki. Zile pumzi mia nilizifanya. Siku ya nne, Dada wa Majengo, kitu kilifunguka. Sijui nikieleze vipi. Nilitia uso nikasikia mapovu yangu mwenyewe yakipita sikioni, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka. Presha 138 kwa 88. Nesi, daktari alininyooshea kidole kuhusu chumvi lakini akaniruhusu.

Jumamosi alfajiri maji yalikuwa yanajaa polepole kama mzee alivyosema, bahari imenyooka, jua linachomoza jekundu nyuma ya mwamba. Tulikuwa sitini na nne. Nikahesabu thelathini. Kweli wakapigana, miguu na viwiko, maji yakachafuka kama wanavua. Nikaingia nyuma yao.

Boya la kwanza nililifika vizuri. Nikajiona bingwa, nikaacha kulishika. Kosa. Katikati ya la kwanza na la pili kitu kikanigusa shingoni, kikawasha: yavuyavu, mdogo tu, lakini mimi nilishaona papa. Nikainua kichwa, nikameza maji, shingo ikakakamaa, nikawa yule paka wa siku ya kwanza. Moyo nausikia masikioni. Nilichokumbuka ni neno moja la Nahodha: chali. Nikageuka. Mbingu tupu na kunguru mmoja. Binti mwokoaji akaja na ubao wake, akakaa mbali kidogo, akaniuliza, "Baba, uko sawa au nikuchukue?" Nikamwambia nipe dakika. Akanipa. Hakunigusa, hakunihimiza, alikaa tu akipiga kasia mara moja moja. Nilivuta pumzi kama ishirini hivi, nikageuka, nikaendelea hadi boya la pili, nikalikumbatia kama ndugu.

Dakika 27 majini. Nilipotoka miguu ilipogusa mchanga nilipepesuka na kuangukia magoti, watu wakapiga makofi wakidhani nasujudu kwa shukrani. Nikaona nisiwasahihishe.

Helmeti nilifunga. Niliifunga hata kabla ya kujifuta uso.

Kwenye baskeli, Fundi, keria ilitoka, kengele ilitoka, kiti kilipanda. Lakini hakuna aliyekumbuka kile kibati cha kufunikia cheni, ambacho shemeji amekiandika kwa rangi nyekundu MKATE MOTO KILA SIKU. Njia ilikuwa mizunguko minne ya kilomita tano, na mzunguko wa pili watoto pembeni walishakisoma. "Mikate! Mikate! Leta miwili!" Wenzangu wananipita na baskeli zisizotoa hata sauti, mimi nalia kwi, kwi, kwi, nikielekea Mtwapa kaskazi imenishika kifuani. Mama mmoja mzunguko wa tatu alishikilia noti ya mia kabisa, nadhani alikuwa hatanii. Dakika 61, na katika hizo niliwapita watu wawili. Mmoja alikuwa na pancha.

Kukimbia sina la kusimulia. Lile kabati la ferry nililibeba kilomita mbili nzima, halafu likashuka lenyewe. Nilitembea kwenye meza za maji, nikajimwagia kichwani, nikaendelea. Dakika 38.

Jumla, pamoja na kuhangaika na soksi, saa 2 na dakika 13. Wa 61. Yule kijana wa ofisini alikuja kutazama, akapiga picha, akaitupa kwenye grupu, na mpaka sasa wananiita Mkate Moto. Kwa hiyo jina nimepata vile vile.

Shemeji alikuwa amesimama mwisho wa mbio, hakunipa hata mkono, aliangalia tairi kwanza. Kreti za jioni zilikuwa zinamngoja. Tukaanza kurudisha keria pale pale chini ya mnazi, na kwenye soksi mna nati tatu. Nimepekua begi, gari la jirani, mifuko yote. Fundi wa Makupa, ile nati ni namba kumi au kumi na mbili? Amefunga kreti kwa kamba ya katani, na leo tangu alfajiri ameshanipigia mara tatu.

Fundi wa Makupa

Namba kumi. Pita dukani, usilete pesa, lete picha ya kile kibati.